Ukuta Uliokuwa Hai

Katika sura ya 14 ya Mambo ya Walawi imo sheria ya nyumba iliyougua. Mwenye nyumba akiona ukutani madoa ya kijani au mekundu yaliyozama ndani, humwendea kuhani. Kuhani huamuru vyombo vyote vitolewe kwanza, ndipo aingie kukagua. Madoa yakimtia shaka, nyumba hufungwa siku 7. Akirudi akakuta yameenea, mawe yenye madoa hung'olewa na kutupwa nje ya mji, mahali penye unajisi, na kuta zote hukwanguliwa. Nyumba ikishapigwa lipu upya na madoa yakarudi, hakuna tena cha kuokoa: hubomolewa yote, mawe yake, miti yake na udongo wake. Wafafanuzi wengi wa leo husema kilichokuwa kikikaguliwa ni kuvu, ndugu wa ule ukungu unaoota nyuma ya kabati wakati wa masika.

Sasa wako watu wanaolipwa kuiotesha kuvu makusudi ili iwe ukuta. Kampuni ya Mogu, kaskazini mwa Italia, huuza paneli za kufyonza sauti zilizooteshwa kwa kuvu juu ya mabaki ya viwanda na mashamba. Nairobi, kampuni ya MycoTile, iliyoanzishwa na Mtamu Kililo na wenzake, hutumia mabaki ya mashambani, yakiwemo makapi ya miwa, kutengeneza paneli za kupunguza joto na mwangwi. Jimboni New York, Ecovative imekuwa kwenye kazi hiyo tangu 2007. Ilianza na vifungashio vya kuchukua nafasi ya yale maplastiki meupe yanayokuja na televisheni mpya.

Mwenye ofisi akiletewa paneli hizo huuliza bei, unene na rangi. Kamati ya msikiti au baraza la wazee wa kanisa lina haki ya kuuliza zaidi. Je, kitu ambacho Torati ilikitupa nje ya mji kinafaa kutundikwa pale neno la Mungu linaposomwa? Na binadamu ana ruhusa gani ya kukilea kiumbe, kukiua, kisha kukipigilia ukutani ili asikie vizuri zaidi? Atakayecheka na acheke, lakini watu wenye akili timamu wamebishana karne nyingi juu ya mambo madogo kuliko hayo.

Mkulima wa uyoga aina ya mamama, awe Morogoro au Kiambu, anaijua nusu ya kwanza ya kazi hii bila kufundishwa. Hukatakata majani ya mpunga au mabua, huyachemsha kwenye pipa kuua vijidudu, huyaacha yapoe, kisha huyapanga kwenye mifuko ya nailoni: tabaka la majani, tabaka la mbegu za uyoga. Mifuko huwekwa kwenye chumba chenye giza. Wiki mbili tatu baadaye mfuko umekuwa mweupe wote, kwa sababu nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, zimepenya kila bua na kulishika. Hapo mkulima hutoboa matundu, huingiza mwanga na hewa, humwagia maji, na uyoga huchomoza.

Mtengenezaji wa paneli hafiki huko. Kwake hatua ya weupe ndiyo mavuno. Majani hayo huyashindilia kwenye kalibu badala ya mfuko, kuvu huyashikanisha yakawa kitu kimoja kwa umbo la kalibu, na kabla uyoga wowote haujachungulia, vyote huingizwa kwenye joko. Joto hukausha maji na kuiua kuvu. Kinachotoka ni chepesi kiasi cha kubebwa kwa vidole viwili, cheupe chenye mabaka ya hudhurungi, na ukikipapasa uso wake ni laini kama fulana iliyofuliwa mara nyingi. Ukikivunja, unaona vipande vya bua vimeng'ang'aniwa na nyuzi kila upande. Gundi haimo hata tone.

Kwa fundi sauti, uzuri wa kitu hicho uko kwenye matundu yake. Sauti ni hewa inayosukumwa huku na huko. Ikigonga saruji, marumaru au bati, karibu yote hurudi chumbani. Ikikuta kitu chenye vitundu vilivyounganika, huingia, hewa ikasuguana na kuta za vitundu hivyo, na nguvu ya sauti ikageuka joto dogo mno ambalo hakuna mkono wa kulihisi. Mwaka 2013, watafiti wa Marekani wakiongozwa na M. G. Pelletier wa idara ya kilimo walichapisha vipimo vya mbao za kuvu zilizooteshwa juu ya mabaki ya mazao: kwenye 1,000 hezi, ambayo imo ndani ya masafa ya sauti ya mtu anayezungumza, zilifyonza asilimia 70 hadi 75, nyingine zaidi. Ngoma na besi ni habari nyingine. Mawimbi yake ni marefu, na paneli nyembamba iliyobandikwa moja kwa moja ukutani haiyagusi sana. Fundi mjanja huiachia nafasi ya hewa nyuma yake.

Sayansi yenyewe ya kufyonza sauti ilianzia kwenye mito ya kukalia. Mwaka 1895 chuo cha Harvard kilimpa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, kazi ambayo wakubwa wake hawakuitaka: ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la sanaa la Fogg ulikuwa hausikiki. Neno moja lilibaki likizunguka kwa zaidi ya sekunde 5, likigongana na maneno yaliyolifuata. Sabine akawa akibeba mito kutoka ukumbi wa Sanders usiku wa manane, mji ukiwa umelala, anaipanga kwenye ukumbi wa Fogg, anapiga filimbi ya kinanda na kupima muda sauti inavyokufa. Kabla alfajiri haijaingia mito inarudishwa. Alitupa vipimo zaidi ya 3,000 alipogundua kuwa nguo alizovaa zilikuwa zikibadilisha matokeo. Tangu hapo alipima akiwa na mavazi yaleyale.

Kipimo alichoegemea kilikuwa dirisha lililo wazi. Sauti ikitoka dirishani hairudi, kwa hiyo mita moja ya mraba ya dirisha wazi hufyonza sauti yote inayolifikia. Mazulia, mapazia na mito vyote alivilinganisha na hilo. Kwenye majedwali yake aliwaweka na watu, mwanamume mstari wake na mwanamke wake, maana mavazi ya zama zile yalitofautiana sana. Mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti ni karibu nusu ya mita ya mraba ya dirisha.

Hapo ndipo swali la dini linapoanza kupata mwili. Imamu anayejaribu kipaza sauti Alhamisi jioni, msikiti ukiwa mtupu, husikia sauti yake ikimrudia kutoka kila kona. Ijumaa, safu zikijaa, msikiti uleule husikika vizuri, na hakuna aliyegusa mtambo. Tofauti ni watu: kanzu zao, mabuibui yao, nyama na ngozi zao. Chumba cha ibada husikika kwa sababu ya walichokuja nacho waumini, na kila walichokuja nacho kitaoza. Jiwe, ambalo hudumu, ndilo linalovuruga maneno.

Wako watakaopinga, na hoja yao si nyepesi. Kwa nini mwangwi ufyonzwe hata kidogo? Hagia Sophia ya Istanbul, iliyojengwa kati ya 532 na 537, ilikuwa na mwangwi wa zaidi ya sekunde 10 ilipokuwa tupu. Waliobuni uimbaji wa Kibizanti hawakuuona mwangwi huo kuwa kasoro. Sauti moja iliyoshikwa chini iliendelea kuishi huku nyingine ikipanda juu yake, na msikilizaji hakujua tena waimbaji wako wapi. Neno lilipotea, lakini kilichobaki kilionekana kwao kuwa karibu zaidi na mbingu kuliko neno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walirekodi jinsi maputo yanavyopasuka ndani ya jengo hilo, wakatengeneza kwa kompyuta mwangwi wake, na kundi la Cappella Romana likaimba ndani ya mwangwi huo likiwa California. Anayesikia rekodi zao anaelewa kwa nini mtu angekasirika kuambiwa kuwa dari lile linahitaji paneli.

Ila kuna ibada inayokaa juu ya maana ya sentensi, na hiyo haiwezi kuvumilia sekunde 10. Mahubiri, hotuba ya Ijumaa, darsa baada ya Alasiri, usomaji wa Biblia kwa watu wasio na nakala mkononi: vyote vinataka silabi ife upesi ili nyingine izaliwe. Qurani yenyewe, katika Surat al-Israa, yamwelekeza mwenye kuswali asipaaze sana sauti wala asiifiche kabisa, ashike njia ya katikati. Wakristo waitwao Waquaker walianza Uingereza katika karne ya 17 wakikaa kimya mpaka mmoja asukumwe kusema. Leo nchi yenye Waquaker wengi kuliko zote ni Kenya, zao la misheni iliyoanza Kaimosi mwaka 1902, na ibada zao nyingi zina nyimbo na mahubiri. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya mwangwi inayofaa dini zote, wala inayofaa dini moja siku zote. Baraza la kanisa linaloamua kuta ziwe laini au ngumu linaamua pia, hata bila kujua, kama linataka watu waelewe au wastaajabu.

Na hapa inafaa kuondoa kosa ambalo wauzaji wa vifaa hawaharakishi kulisahihisha. Paneli ya kuvu haizuii kelele kutoka nje ya jengo. Majirani wanaolalamikia mkesha, na maofisa wa mazingira wa NEMC kule Tanzania au NEMA kule Kenya wanaokuja na kipimo cha desibeli, hawatapata nafuu yoyote kwa kubandika kitu chepesi ukutani. Kinachozuia sauti kupita ni uzito na kuziba nyufa: tofali zito, mlango mzito, dirisha lisilo na mwanya. Mwaka 2018 serikali ya Rwanda ilipofunga zaidi ya makanisa 700 mjini Kigali, kwa sababu za usalama, usafi na kelele, hakuna paneli ya aina yoyote ambayo ingeyaokoa yale ya kuta za mabati. Paneli husaidia waliomo ndani wasikilizane. Labda mhubiri akisikika atashusha sauti ya spika. Hilo nalo laweza kutumainiwa, lakini si fizikia.

Swali la unajisi lina njia fupi kuliko linavyoonekana. Kuhani wa Walawi hakuwa akichukia kuvu kwa jina lake. Alikuwa akitafuta kitu kinachoenea. Doa lililotulia baada ya siku 7 na kupigwa lipu upya halikuwa na hatia, na nyumba ilitangazwa safi. Paneli iliyopita kwenye joko imetulia kwa namna ambayo kuhani angeikubali: haili, haikui, haitoi mbegu. Upande wa Waislamu, Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inaihesabu aina ya uyoga uotao ardhini jangwani kuwa miongoni mwa manna, na maji yake kuwa dawa ya macho. Kitu kilichotajwa pamoja na chakula kilichoshuka kutoka mbinguni ni vigumu kukikatalia ukuta.

Hata hivyo kuhani anabaki na kazi moja, na mwambao wote wa Afrika Mashariki ungempa ajira. Paneli kavu iliyotundikwa kwenye ukuta unaovuja, Mombasa au Unguja, hunywa unyevu wa hewa, na juu ya mabua yake kuvu nyingine isiyoalikwa itaota. Mchwa nao hawatahitaji mwaliko. Hao wanaijua kuvu kuliko mhandisi yeyote: ndani ya vichuguu vyao mchwa wa jamii fulani hulima bustani za kuvu, wakailisha majani na miti iliyotafunwa, na uyoga mkubwa wa kichuguu ambao watu hukimbilia baada ya mvua za kwanza hutoka kwenye mashamba hayo. Nyumba iliyojengwa kwa ushirika na kuvu si uvumbuzi wa Italia.

Linabaki swali la kuua, ambalo wengi hulipita haraka. Kuvu si mmea. Haitengenezi chakula kwa jua. Huvuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, na kuta za seli zake zina kitini, ileile iliyoko kwenye gamba la kamba na mende. Kwa nasaba iko karibu zaidi na mnyama kuliko na mchicha. Wajaini wa India, wanaojitahidi kutodhuru chochote chenye uhai, wengi wao hawali uyoga kabisa. Kwao joko la paneli lingekuwa jambo la kufikiriwa kwa uzito.

Aliyelibeba swali hili kwa upande wa Wakristo ni Albert Schweitzer, na hafai kutajwa bila dosari zake. Alifika Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, akajenga hospitali kando ya mto Ogooué, na aliwatazama Waafrika aliowatibu kama wadogo wanaohitaji kaka wa kuwaongoza. Maandishi yake yanalionyesha hilo waziwazi. Lakini mwaka 1915, akisafiri kwa boti kwenye mto huohuo, ilimjia fikra aliyoifanya msingi wa falsafa yake yote: kuuheshimu uhai. Kila kiumbe kinataka kuishi, na mwanadamu ni mmoja miongoni mwao. Schweitzer hakusema binadamu asiue kamwe. Alikuwa daktari, na kazi yake ilikuwa kuua vijidudu kutwa. Alisema kila anayeua ajiulize kama amelazimika, na asijifariji kwamba hakuna kilichotokea. Mkulima aliyefyeka maua maelfu kulisha ng'ombe wake, aliandika, asilikate ua moja la njiani kwa kujifurahisha tu.

Schweitzer pia alikuwa mpiga kinanda cha kanisa mwenye sifa Ulaya nzima, mtu wa Bach, mtu wa mwangwi. Chama cha Bach cha Paris kilimpa piano yenye pedali, iliyotengenezwa maalumu kwa nchi ya joto na kuzungushiwa zinki ili unyevu na wadudu wasiipate. Jioni, kazi ikiisha, aliipiga. Muziki wake ulisikika kwenye mto kwa sababu unyevu, kuvu na mchwa vilizuiliwa nje ya sanduku la zinki. Yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kuona kejeli iliyomo.

Tukiichukua hoja yake bila kuipunguza, kinachopaswa kuulizwa ni kama chumba kinaweza kutulizwa bila kuua, na jibu, kwa kadiri historia ya majengo inavyoonyesha, ni kwa nadra. Mkeka ni ukindu uliokatwa. Zulia la pamba ni mmea uliovunwa. Sponji ya plastiki inayobandikwa studio hutoka kwenye petroli, na petroli ni mabaki ya viumbe vya bahari vilivyokufa mamilioni ya miaka kabla binadamu hajapata sikio. Hata kuta ngumu za mwambao ni makaburi. Msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na Msikiti Mkuu wa Kilwa, yote ilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Kwa kazi ya nakshi mafundi walizamia baharini wakakata tumbawe likiwa bado hai, kwa sababu likiwa bichi hukatika kwa urahisi, na likikauka huwa gumu. Mihrabu nyingi zilichongwa kwa tumbawe la namna hiyo. Chokaa ya kuziunganisha ilitokana na matumbawe mengine yaliyochomwa juu ya lundo la magogo. Waislamu wa pwani wameelekeza nyuso zao kwenye kitu kilichokuwa hai kwa zaidi ya miaka 900 na hakuna shekhe aliyeona tatizo.

Tofauti ya paneli ya kuvu ni kwamba kifo chake hakikufichwa mbali. Kilitokea wiki iliyopita, kwenye joko linalojulikana liliko. Vifaa vingine huficha gharama yake, au huiahirisha impate mtu mwingine. Asbesto ilinyunyiziwa kwenye dari za shule na kumbi za Ulaya na Marekani katika karne ya 20, kwa sababu ya moto na pia kwa sababu ya sauti. Waliolipa ni mapafu ya mafundi. Mwaka 2003, klabu ya usiku ya The Station katika jimbo la Rhode Island ilishika moto. Kuta zake zilikuwa zimebandikwa sponji baada ya majirani kulalamikia kelele, fataki za wanamuziki zikaiwasha, watu 100 wakafa. Januari 2013 yakajirudia Santa Maria, Brazil, katika klabu ya Kiss: fataki, sponji ya sauti kwenye dari, moshi wenye sumu ya sianidi, watu 242. Sponji ile ilinunuliwa kwa sababu ilikuwa rahisi.

Kuvu nayo huungua, isidanganywe kamati yoyote. Lakini majaribio ya watafiti wa chuo cha RMIT, Melbourne, yaliyochapishwa 2018, yalionyesha kuwa mbao za kuvu hutoa joto na moshi kidogo kuliko sponji ngumu ya polistireni, hasa zikioteshwa juu ya pumba za mpunga, ambazo zina silika nyingi. Mtu mwenye kuuheshimu uhai angeanza kuhesabu hapo: upande huu nyuzi za kuvu zilizokaushwa, upande ule watoto wa watu mlangoni pa klabu. Kule Namibia mradi wa MycoHAB umeongeza safu nyingine kwenye hesabu hiyo. Vichaka vilivyovamia malisho hukatwa na kusagwa, uyoga huoteshwa juu yake, watu huula, na kilichobaki hushindiliwa na kuokwa kikawa tofali. Nyumba ya kwanza ya matofali hayo ilikamilika 2024. Kiumbe kimoja kimelisha na kusitiri. Schweitzer alitaka ulazima uthibitishwe, na ni vigumu kufikiria uthibitisho ulio wazi zaidi.

Pingamizi la mwisho hutoka kwa watu wa wakfu, nalo ni zito kwa sababu linahusu wakati. Kilichotolewa kwa ajili ya Mungu hutakiwa kidumu. Paneli ya kuvu haikukusudiwa kudumu; sifa yake kubwa ni kwamba ikivunjwavunjwa na kufukiwa, udongo huimaliza. Je, muumini aweza kuuwekea msikiti wakfu wa kitu ambacho mwisho wake ni mbolea?

Mafakihi wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea zaidi pwani ya Afrika Mashariki, walikwisha kulifikia jambo linalofanana na hilo. Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa kwenye darsa za pwani kwa vizazi, anauliza kuhusu majamvi ya msikiti yaliyochakaa na maboriti yaliyovunjika yasiyofaa tena ila kwa kuchomwa. Kauli anayoiona sahihi zaidi ni kwamba yanaruhusiwa kuuzwa. Hakuona aibu kwamba ndani ya nyumba ya Mungu mna vitu vinavyooza. Aliwaachia wasimamizi kazi ya kujua lini vimekwisha na thamani yake iende wapi. Kamati itakayotundika paneli za kuvu kwenye ukuta wa nyuma, ulio mkabala na mimbari, ambako mwangwi huanzia, itahitaji daftari la namna hiyo: mwaka ziliponunuliwa, masika mangapi zimevumilia, ipi imeanza kuvimba pembeni, na jina la mkulima aliye jirani atakayezichukua zikishashushwa.